Mzigo Ukiharibika Njiani, Nani Ajibuye?



Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya sheria za mzigo utokao nchi moja kwenda nchi nyingine kwa njia zaidi ya moja, yaani kwa meli, kisha kwa gari la moshi, kisha kwa lori. Najua ya kuwa wengine watasema, "Haya ni mambo ya mawakili na matajiri wa mijini, sisi wakulima yatuhusu nini?" Nami zamani nilisema vivyo hivyo. Lakini kila auzaye kahawa au pamba ng'ambo, kila mwenye duka, na kila shule iagizayo vitabu kutoka mbali, jambo hili lamhusu. Nilijifunza hayo kwa hasara, na kwa hasara hiyo nitaanza.

Chuo chetu cha ualimu kiko upande wa magharibi wa Tanzania, mbali sana na pwani. Mwaka mmoja tuliagiza vitabu kutoka Uingereza, masanduku 12, kwa fedha iliyochangwa shilingi kwa shilingi na wazazi na wanafunzi waliotutangulia. Masanduku yalisafiri baharini mpaka Dar es Salaam, ndani ya kontena moja pamoja na mizigo ya watu wengine. Huko kontena likafunguliwa, na masanduku yetu yakatiwa katika behewa la gari la moshi. Yalipofika stesheni yakapakiwa katika lori, na lori likayaleta mpaka mlangoni petu. Mtunza ghala akayahesabu, akaona 12 kamili, misumari yote mahali pake, akatia sahihi yake katika karatasi ya dereva. Siku kadha wa kadha zikapita. Tulipoyafungua, masanduku 4 yalikuwa yameingia maji. Kurasa zimegandamana, ukungu umeota, na vitabu havikufaa ila kutupwa.

Nikaandika barua. Wenye meli wakajibu ya kuwa walikwisha kuyatoa masanduku bandarini katika hali njema, nao wanayo sahihi ya aliyeyapokea. Wenye reli wakajibu ya kuwa walipokea masanduku yaliyofungwa, wakayatoa yaliyofungwa, wala hawakuona ndani yake. Mwenye lori akasema turubai lake halina tundu hata moja, na tena mtunza ghala wetu alitia sahihi bila kusema neno. Basi nikamwandikia wakala aliyetupatia nafasi melini na kupokea fedha yetu kwa safari yote. Naye akanionyesha mstari mmoja mdogo chini ya karatasi yake, usemao ya kuwa yeye ni wakala tu, si mchukuzi.

Hivyo vitabu viliharibika, wala hakuonekana aliyeviharibu. Kila mmoja alijibu kwa kipande chake cha njia, na hapana aliyejibu kwa safari nzima. Hilo, wasikilizaji, ndilo jambo la leo. Machoni pa mwenye mzigo safari ni moja, lakini mbele ya sheria ni safari nyingi zilizofungwa kwa kamba, na pale kwenye mafundo ndipo mali ipoteapo.

Kwanza tuulize: kwa nini kila njia ina sheria yake? Sababu ni ya kale. Kila namna ya uchukuzi ilizaliwa kwa wakati wake, ikajifanyia sheria zake. Mataifa ya Ulaya yalipatana habari ya mizigo ya reli huko Bern, katika nchi ya Uswisi, mwaka 1890. Habari ya meli yalipatana huko Brussels tarehe 25 Agosti 1924, na mapatano hayo huitwa Kanuni za Hague. Habari ya ndege yalipatana huko Warsaw mwaka 1929. Habari ya malori yavukayo mipaka yalipatana huko Geneva mwaka 1956. Kila mkataba ulitungwa na watu waliotazama hatari za njia ile, wala hawakufikiri sana ya kuwa siku moja mzigo mmoja utapita katika njia zote nne.

Tuchukue mfano wa bahari. Kabla ya mwaka 1924 wenye meli wengi waliandika katika hati zao masharti ya kujitoa katika karibu kila lawama. Mwenye mali akawa hana la kufanya, maana asipokubali masharti hayo mzigo wake haupandi melini. Kanuni za Hague zikaweka mpaka. Zilimlazimisha mwenye meli kufanya bidii ili chombo chake kiwe kizima kabla ya kuondoka, na kuutunza mzigo kwa uangalifu. Lakini naye alipewa sehemu yake. Alipewa udhuru wa namna 17, mmoja wao ukiwa ni kosa la nahodha au mabaharia katika kuongoza chombo. Tena aliwekewa kikomo cha malipo, pauni 100 za Uingereza kwa kila mzigo mmoja. Hivyo ndivyo sheria za uchukuzi zilivyo mpaka leo. Mchukuzi hawezi kukwepa lawama yote, lakini pia halipi zaidi ya kikomo, isipokuwa thamani ya mali imetajwa mbele na kuandikwa katika hati, au amefanya ubaya ambao sheria haiuvumilii.

Vikomo hivyo havilingani. Siku hizi vyahesabiwa kwa kipimo kiitwacho SDR, ambacho Shirika la Fedha la Kimataifa hukihesabu kwa kuunganisha thamani ya dola ya Marekani, euro, yuan ya China, yen ya Japani na pauni ya Uingereza. SDR 1 huzidi dola 1 ya Marekani. Basi wanafunzi, shikeni kalamu mpige hesabu pamoja nami. Chukueni sanduku moja lenye uzito wa kilo 100, likapotea lote.

Likipotea baharini chini ya Kanuni za Hague kama zilivyorekebishwa mwaka 1968 na mwaka 1979, kikomo ni SDR 666.67 kwa sanduku, au SDR 2 kwa kila kilo, ile iliyo kubwa. Kwa sanduku letu iliyo kubwa ni 666.67. Likipotea chini ya Kanuni za Hamburg za mwaka 1978, ambazo Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi zilijiunga nazo, kikomo ni SDR 835 kwa sanduku au SDR 2.5 kwa kilo. Likipotea katika lori lipitalo nchi za Ulaya, kikomo ni SDR 8.33 kwa kilo, yaani 833. Katika gari la moshi la huko Ulaya ni SDR 17 kwa kilo, yaani 1,700. Na katika ndege, chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambamo Kenya na Tanzania zimo, kikomo tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo, yaani 2,600.

Sanduku ni lile lile, na mali iliyomo ni ile ile. Lakini malipo yaweza kuzidi mara tatu au karibu mara nne kwa sababu ya mahali lilipopotea tu. Tena mjue ya kuwa reli na barabara zetu za Afrika Mashariki hazimo katika mikataba ile ya Ulaya. Hapa kwetu zatawala sheria za kila nchi na masharti ya mapatano yenyewe, na kwa hiyo hesabu yaweza kuwa nyingine tena.

Sasa mtaona kwa nini swali la kwanza la wakili ni hili: "Mali iliharibikia wapi?" Hapo kale swali hilo halikuwa gumu sana. Kila gunia na kila sanduku lilishikwa kwa mikono ya wapagazi, likatolewa melini, likawekwa ghalani, likahesabiwa na makarani, ndipo likapandishwa katika behewa. Lililoloa lilionekana limeloa, na lililovunjika lilionekana limevunjika.

Ndipo likaja kontena. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston, kule Marekani, imechukua makontena 58. Aliyeanzisha kazi hiyo alikuwa Malcom McLean, mtu aliyekuwa na malori ya mizigo, aliyeona ya kuwa ni afadhali kuinua sanduku zima la lori kuliko kutoa kimoja kimoja kilichomo ndani. Kontena lilipunguza gharama, likapunguza wizi wa bandarini, na kwa hayo dunia nzima imefaidika. Lakini lilileta giza jipya. Mlango hufungwa na kutiwa lakiri kiwandani, na mara nyingi haufunguliwi mpaka mwisho wa safari. Katikati hapana jicho lililoona kitu.

Fikirini njia yetu ya kati. Mzigo utokao Antwerp kwenda Bujumbura waweza kushuka Dar es Salaam, ukapanda gari la moshi katika reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, ukavuka Ziwa Tanganyika kwa meli ya ziwani, kisha ukamalizia kwa lori. Hapo pana wachukuzi wanne, na nchi mbili za Afrika, bila kuhesabu bandari na maghala. Kontena likifunguliwa Bujumbura na kukutwa limejaa maji, je, ni maji ya bahari, au ya mvua ya Tabora, au ya ziwa?

Hata mahali pa hasara pakijulikana, mambo hayajaisha. Nitawapa kesi mbili zilizoamuliwa katika mahakama kubwa za dunia.

Ya kwanza ni ya Marekani. Kampuni moja ya Australia ilipeleka makontena 10 ya mashine kutoka Sydney mpaka karibu na mji wa Huntsville, jimbo la Alabama. Ilipatana na wakala wa mizigo kwa safari yote. Wakala akapatana na wenye meli, na wenye meli wakapatana na kampuni ya reli. Meli ilivuka salama mpaka bandari ya Savannah. Lakini gari la moshi likaacha reli njiani, na hasara ikadaiwa kuwa kama dola milioni 1 na nusu. Mwenye mali akaishtaki kampuni ya reli. Kampuni ikajibu ya kuwa hati ya wenye meli ina kikomo cha dola 500 kwa kila mzigo, na kikomo hicho chamlinda kila asaidiaye kuimaliza safari. Mwenye mali akasema, "Mimi sikupatana nanyi, na hasara ilitokea nchi kavu, si baharini." Tarehe 9 Novemba 2004 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa sauti moja ya kuwa kampuni ya reli ina haki. Kwa kuwa sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya bahari, mapatano yote yalihesabiwa kuwa ya bahari, na kikomo kilichokubaliwa na wakala kilimfunga mwenye mali. Kwa dola 500 kwa kontena, hata yote 10 yakivunjika, jumla ni dola 5,000. Linganisheni na milioni 1 na nusu! Lakini mwenye mali yule alikuwa mtu wa busara, maana alikuwa amekata bima kwa thamani yote ya mashine zake.

Kesi ya pili ni ya Ulaya. Shehena ya vyombo vya kompyuta ilitoka Singapore kwenda Dublin. Mpaka Paris ilikwenda kwa ndege. Kutoka Paris ilikwenda kwa lori, na lori lenyewe likapanda melini kuvuka maji. Njiani madereva walifanya hila, wakasingizia kushambuliwa na wanyang'anyi, kumbe wao wenyewe ndio waliokuwa wezi. Masharti ya hati ya ndege yaliweka kikomo cha SDR 17 kwa kilo. Sheria ya malori yaweka 8.33 tu, lakini yasema pia ya kuwa kikomo hakimlindi mchukuzi ikiwa watu wake mwenyewe wametenda uovu kwa makusudi. Basi swali likawa: je, kipande cha barabara ndani ya safari ya njia nyingi chafuata sheria ya malori? Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilijibu ndiyo. Mwaka 2008, katika kesi nyingine, mahakama kuu ya shirikisho la Ujerumani ilijibu hapana, mkataba ule wa malori haushiki wenyewe kipande cha namna hiyo. Nchi mbili zimo katika mkataba mmoja, zasoma maneno yale yale, na majibu yao yapingana. Ikiwa mambo ni hivyo kwao, sisi tusio na wakili mlangoni yatupasa kuangalia zaidi.

Huenda mtu akauliza, "Kwa nini mataifa yasifanye sheria moja kwa safari yote?" Swali hilo ni jema, na mataifa yamejaribu. Tarehe 24 Mei 1980, huko Geneva, chini ya Umoja wa Mataifa, ulitungwa mkataba wa uchukuzi wa mizigo kwa njia nyingi. Shauri lake lilikuwa safi. Awepo mtu mmoja atoaye hati moja na kujibu kwa safari nzima, tangu apokeapo mzigo mpaka autoapo, bila kumwuliza mwenye mali uliharibikia wapi. Kikomo kiwe SDR 920 kwa kila mzigo au 2.75 kwa kilo. Na mahali pa hasara pakijulikana, na sheria ya mahali hapo ikitoa kikomo kikubwa zaidi, basi hicho kikubwa kifuatwe. Lakini mkataba ule wataka nchi 30 zijiunge ndipo upate nguvu. Jirani zetu Burundi na Rwanda walijiunga, na Malawi na Zambia pia. Mataifa makubwa yenye meli hayakujiunga, na idadi ile haikutimia. Tangu mwaka 1980 mkataba umelala katika karatasi.

Jaribio jingine lilifanywa baadaye. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali mkataba mpya tarehe 11 Desemba 2008, nao ukafunguliwa kwa sahihi huko Rotterdam mwezi wa Septemba mwaka 2009. Huu waanza na bahari, kisha wanyosha mkono kushika nchi kavu iliyo kabla na baada yake. Kikomo chake ni SDR 875 kwa mzigo au 3 kwa kilo. Huu wataka nchi 20, nao pia haujazipata.

Serikali zilipokawia, wafanya biashara walijitengenezea njia yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, pamoja na Chama cha Wafanya Biashara cha Kimataifa chenye makao yake Paris, yalitunga kanuni za hati za uchukuzi wa njia nyingi, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 1992. Kanuni hizo si sheria. Hazimshiki mtu ila zikitajwa katika mapatano yake. Lakini zikitajwa, mtoa hati hujibu kwa safari yote, na kwa makosa ya watu wote aliowaajiri njiani kama kwa makosa yake mwenyewe. Ndiyo maana nasema ya kuwa kinga ya mwenye mali haimo katika mikataba mikubwa ya dunia peke yake. Imo katika karatasi ile aipokeayo mkononi siku anapotoa mzigo wake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi sasa nitawaeleza mambo matano ya kufanya. Yaandikeni.

La kwanza. Kabla ya kulipa, soma ni nani aliyetia sahihi hati, na kwa cheo gani. Ikiwa ametia sahihi kama mchukuzi wa safari yote, una mtu wa kumwuliza. Ikiwa ametia sahihi kama wakala tu, jua ya kuwa utawafuata wachukuzi mmoja mmoja. Tazama pia mahali palipoandikwa pa kupokelea mzigo na pa kuutoa. Ikiwa hati yaishia Dar es Salaam na wewe uko Kigoma, basi sehemu iliyobaki haimo. Uliza waziwazi: "Je, wewe utajibu mzigo ukiharibika mahali popote?" Kuuliza si ujinga.

La pili. Hakikisha hati yataja idadi ya masanduku au magunia yaliyomo ndani ya kontena. Hati ikisema "kontena 1" tu, mchukuzi aweza kudai ya kuwa kontena lote ni mzigo mmoja, na kikomo kihesabiwe mara moja. Ikisema "kontena 1 lenye masanduku 12", katika sheria nyingi za bahari za siku hizi masanduku 12 yahesabiwa mizigo 12. Maneno matatu ya karani yaweza kuokoa fedha ya mwaka mzima.

La tatu. Kila mzigo ubadilishapo mikono, mwenye zamu atazame, na aonacho akiandike. Soma namba ya lakiri, ulinganishe na namba iliyo katika hati. Tazama kama kontena limetoboka, kama sanduku lina alama ya maji. Ukiona kasoro, usitie sahihi tupu. Andika kasoro hiyo juu ya karatasi ya dereva kabla ya sahihi, na upige picha. Ukipokea bila kusema neno, sheria hudhani ya kuwa ulipokea kitu kizima, na mzigo wa kuthibitisha vingine wakuangukia wewe.

La nne. Usikawie. Siku ni chache kuliko mnavyodhani. Kwa hasara isiyoonekana kwa nje, Kanuni za Hague zatoa siku 3 za kumwarifu mchukuzi kwa barua. Kanuni za wafanya biashara za 1992 zatoa siku 6, zile za Hamburg siku 15, na sheria ya ndege siku 14. Ukichelewa kuarifu, mara nyingi waidhoofisha haki yako, na kwa uharibifu katika ndege waweza kuipoteza kabisa. Kisha yako muda wa kwenda mahakamani. Ni mwaka 1 chini ya Kanuni za Hague, miaka 2 chini ya Hamburg na katika ndege, na miezi 9 tu chini ya zile za 1992. Muda huo ukipita, hata mwenye haki ya wazi kama jua la adhuhuri hasikilizwi.

La tano. Kata bima ya mzigo kwa safari nzima, tangu ghala la kutokea mpaka ghala la kufikia. Mmeona yule wa Australia. Mwenye bima hulipwa kwa kadiri ya masharti ya bima yake, kisha wenye bima ndio wahangaikao kumtafuta mkosaji kati ya meli na reli na lori. Walakini bima haiondoi lile la tatu wala lile la nne, maana wenye bima nao watauliza, "Je, mliandika? Je, mliarifu kwa wakati?"

Wengine watasema ya kuwa haya ni mengi kwa mkulima mwenye magunia machache. Ni kweli, peke yake hawezi. Lakini wakulima wamo katika vyama vya ushirika, na chama chaweza kumweka karani mmoja ajuaye kusoma hati hizi. Chama chaweza pia kumwambia wakala, "Sisi hatupatani ila na atakayejibu kwa safari yote." Mtu mmoja akisema hivyo atapuuzwa. Magunia elfu yakisema hivyo yatasikilizwa.

Nirudi kwa vitabu vyetu. Hatukulipwa kitu. Tulikuwa tumetia sahihi tupu, siku zilikuwa zimepita, bima hatukuwa nayo, na hati yetu ilikuwa ya wakala. Makosa hayo yote yalikuwa yetu, na simlaumu mtu. Vitabu vya masanduku 8 vilivyosalia viligawanywa darasani, wanafunzi watatu kwa kitabu kimoja, na wengine walinakili kwa mkono. Shehena iliyofuata, wanafunzi wenyewe walisimama mlangoni na daftari. Mmoja alisoma namba, mmoja aliandika, na mmoja aligusa mbao za kila sanduku kwa kiganja kutafuta unyevu. Sanduku moja lilikuwa na pembe iliyopasuka. Dereva alikuwa na haraka, akataka sahihi. Kijana mwenye daftari akamjibu kwa adabu, "Subiri kidogo, mzee, nimalize kuandika."

Dereva akasubiri, na kijana akaandika.